Mguu wa Huqa

Huqa aliswaga ng'ombe kwa miaka ishirini na mbili. Ukinunua fahali huko Sericho na ukitaka afike mnada wa Isiolo akiwa bado na nyama mgongoni, ulimpa Huqa. Alitembea nyuma ya mifugo ya watu siku nenda siku rudi, na akala zake za tairi, fimbo na jerikeni ya maji, bila haraka hata kidogo. Sijaona mtu aliyejivunia miguu yake kama yeye. Mimi alinicheka kila tulipokutana, kwa sababu nina pikipiki.

Mimi ndiye niliyemharibia, afadhali niseme mapema. Nachanja mifugo hapa Kulamawe. Nilifundishwa wiki mbili mjini, nikapewa sindano na boksi la barafu, na tangu hapo watu wananiita daktari nami sijawahi kuwakataza.

Mwiba ulimwingia unyayoni akiwa njiani. Aliuchokoa kwa sindano ya kushonea akaendelea na safari. Mwaka uliofuata pakatokea uvimbe mgumu usiouma, na kitu kisichouma nani atakipeleka hospitali? Baadaye ukapasuka, ukatoa maji na punje nyeusi ndogo ndogo kama majani ya chai, kisha ukajifunga wenyewe. Miezi kadhaa ikapita, ukafunguka kando kidogo. Ukajifunga tena.

Akaja kwangu, akavua akala. "Abo, bwana daktari, hii kitu inaisha ama inacheza na mimi?"

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba ng'ombe aliyeugua mapafu akapona haugui tena. Mnadani wanunuzi humgombania. Katika zile wiki mbili nilikuwa nimefundishwa sababu yake: damu imetengeneza kingamwili, walinzi wadogo wanaomtambua adui akirudi. Basi nikaupima mguu wa binadamu kwa kipimo cha ng'ombe.

"Imefunguka mara mbili, imefunga mara mbili," nikamwambia. "Damu yako imeshajua huyu adui. Wacha ifanye kazi."

Alifurahi mno. Hicho ndicho alichotaka kusikia, nami napenda kuwaambia watu wanachotaka kusikia. Tangu siku hiyo, kila kidonda kilipojifunga alikiita ushindi, na mkewe Sabdio alipomsihi waende mjini alimjibu kwamba daktari ameshasema. Hivyo miaka saba. Mwishowe alikuwa akitembea kwa ukingo wa mguu, na ng'ombe ndio waliomsubiri yeye.

Sabdio ndiye aliyempakia kwenye lori la mbuzi hadi Isiolo, na akanivuta na mimi kwa kuwa hajui Kiswahili. Tulipokelewa na daktari wa kweli, Isnino, mama wa makamo mzaliwa wa mjini. Alipiga picha ya mfupa, akakata kipande cha nyama, akatoa damu, akavipeleka Nairobi. Majibu yalipokuja alituita.

"Mzee, mguu iko na kuvu. Iliingia na mwiba."

"Na damu yangu haikupigana?" Huqa akauliza.

"Imepigana sana. Kingamwili ziko tele." Alichora duara kwenye karatasi. "Hii ni ile punje nyeusi. Ni nyumba ya kuvu, na ukuta yake ni ngumu. Kingamwili zinafika, zinashika ukuta, zinabaki hapo nje. Huko ndani kuvu inaendelea kukula mfupa. Kidonda ikifunga, ni ngozi tu imefunga."

"Lakini ng'ombe wa mapafu..." nilianza.

"Hiyo ni ugonjwa ingine. Hata wachungaji wengine wazima wako na kingamwili za hii kuvu. Kuwa nazo si kupona. Nani alimwambia angoje?"

Huqa alitazama dirishani na hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Angekuja mwaka ule wa kwanza, uvimbe ungetolewa kwa kisu kidogo, anywe dawa, na labda arudi kwa ng'ombe wake. Sasa mfupa ulikuwa na matundu hadi kwenye kifundo. Walimkata chini ya goti, wakampa vidonge vya mwaka mzima. Alimeza vyote bila kuruka siku. Mimi nilikuwa nikipita na pikipiki kumwona, naye hakunicheka tena, jambo lililoniuma kuliko tusi lolote.

Baada ya miezi kumi na minne alipapasa kinena akakuta uvimbe mgumu usiouma.

Tulirudi kwa Isnino sote watatu. Aliupapasa kwa muda mrefu, akapiga picha nyingine. Alisema kuvu imepanda hadi ndani ya nyonga, mahali ambapo hapakatiki, na kwamba vidonge vitaichelewesha tu. Huqa akamuuliza damu yake inasemaje.

"Kingamwili bado ni nyingi, mzee. Nyingi kuliko mara ya kwanza."

"Sasa hii damu haishindi na haichoki," alisema. "Mimi nimechoka, daktari."

Sabdio alikuwa kwenye benchi, ameshika magongo ya mumewe, akinivuta shati ajue wamesema nini. Nilimtafsiria kwa Kiborana neno kwa neno, na safari hii sikuongeza langu.