Adela na farasi wake pale Kariakoo

Tangu asubuhi nimeisoma meseji ya binti yake mara tano, na bado naona kama amekosea namba. Adela amefariki, huko kwao Ujerumani.

Vijana mtasoma kwamba alikuwa wa ukoo wa makabaila, mwenye "von" kwenye jina, na alipanda farasi Olimpiki. Mimi nilimjua kabla ya hayo, miaka ya hamsini, hapa hapa Dar.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeichukulia familia yake jumba na mashamba. Aliishi Upanga kwa shangazi yake, ana farasi mmoja tu, Sultani. Mimi nilikuwa fundi wa ngozi Kariakoo, namshonea matandiko na kumtania kwamba farasi wake anakula vizuri kuliko mimi.

Mchezo wake haukuwa wa mbio. Farasi anakwenda kwa madaha, hatua kwa hatua, na mpandaji hatakiwi kuonekana anamwamrisha. Shida ni kwamba Sultani aliogopa watu.

"Fundi, twende naye sokoni," akaniambia. "Asipozoea kelele, sifiki popote."

Nikakubali. Ujana nao.

Fimbo yake sikuifikiria kabisa. Ilikuwa nyembamba, ya kumgusia farasi tu. Lakini Kariakoo ya wakati ule ilikuwa na wazee waliochapwa viboko na Wajerumani.

Tulipofika kwenye maduka ya khanga, yeye juu ya farasi na mimi nimeshika hatamu, kelele zikakatika. Bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanakombo, alikuwa akiuza nazi pale. Akainuka, akasimama mbele ya farasi. Baba yake mwenyewe alichapwa na Wajerumani, bibi akiwa mtoto, anaona.

"Shikamoo bibi," Adela akasema.

"Salamu ya kutoka juu ya farasi siipokei. Na hicho kiboko umemletea nani?"

Wanaume wakatuzunguka, mmoja ameshaokota jiwe. Sultani alikuwa anatetemeka, masikio kayalaza nyuma. Akiinua miguu tu, bibi amekwisha, na Adela hatoki hai.

"Nani kamleta huyu?" mtu akauliza, macho kwangu.

Mkono wangu ulikuwa kwenye hatamu. Nikauondoa.

"Simjui," nikasema. "Mimi napita tu."

Adela alijua Kiswahili vizuri sana. Hakugeuka hata kunitazama.

Akashuka katikati ya watu wale, akamshika farasi mwenyewe. Akaiweka fimbo chini, miguuni pa bibi, akainama.

"Shikamoo bibi. Nimekosa."

Bibi akaitazama fimbo, kisha akamtazama farasi. Mimi sikuthubutu kusogea.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Mrudishe mnyama wako nyumbani, hujui kwamba anaogopa?"

Watu wakampisha. Alipita peke yake.

Wiki ile ile alikuja dukani na tandiko limefumuka, tukanywa chai kama kawaida. Hakuuliza kitu. Aliporudi kwao, akapata farasi mwingine, akafika Olimpiki, barua zake ziliendelea kuanza na "Rafiki yangu fundi". Kila mara nikasema nitamwomba radhi kwenye barua ijayo, na kila mara nikaandika habari za mvua.

Sasa wa kumwandikia hayupo. Basi someni ninyi wote, na wanangu wasome: aliyempeleka Adela sokoni siku ile ni mimi. Nilimkana kwa woga, na nimeona aibu maisha yangu yote.

Nilikuwa nakujua, Adela. Nisamehe. Ulale kwa utulivu, rafiki yangu.