Karani wa Abiria

Karani wa chama chetu cha abiria wa treni hasalimii kama watu wengine. Siku ya mkutano wa vyama vya nchi jirani, mjumbe akiingia, awe ametoka mji wa Graz au wa Budapest, humtazama kwa juu ya miwani, penseli mkononi: "Treni yako imechelewa dakika ngapi?" Huandika, ndipo ampe mkono na kahawa. Jana mzee Bohumil, mjumbe wa Ucheki, aliingia kichwa chini. "Nimeletwa na gari, dada. Treni yetu ya kuvuka mpaka wameifuta kabisa." "Usituletee uchuro hapa, kaka," karani akamjibu. Akachonga penseli taratibu, kisha akaandika mbele ya jina la mzee: Imechelewa. Bado tunaisubiri.