Daftari la Tano
Redio ilipotangaza kwamba vyama vingi vimeruhusiwa na kila mtu yuko huru kusema lake, Mwalimu Mbwana aliamini. Mtu mzima, miaka thelathini ya chaki, akaamini kama mtoto wa darasa la kwanza! Akatoa madaftari manne ya shule, akaanza kuandika riwaya aliyokuwa ameimeza tangu mwaka wa kuhamishwa vijijini.

Nchi ya riwaya ile haina jina. Kila nyumba kumi zina mtu aitwaye Sikio, na kazi yake ni kujua nani kanung'unika jikoni kwake. Kijana mmoja, akila ugali kwa kaka yake, anasema yeye hahami ng'o. Kesho yake linakuja lori, wanamchukua, harudi tena. Kule vilimani Kondoa nani asingemjua kijana huyo? Ni Uwesu, mdogo wake Mwalimu. Na Sikio ni Iddy, aliyekuwa balozi wao wa nyumba kumi, na kipara chake na kikohozi chake.

Mwalimu hakuwa na haja ya kuichapa. Alitaka Iddy aisome, amwone akitetemeka kabla hawajafa wote wawili. Akampelekea, eti amsaidie kuangalia tahajia.

Iddy alikaa nayo siku tisa. Aliirudisha asubuhi moja ya Jumatano, wakati Tabu, mke wa Mwalimu, ameenda kisimani. Hakutetemeka hata kidogo.

"Nzuri, Mwalimu. Ila hapa umekosa." Kwenye ukurasa ambao Sikio anajibanza dirishani, alikuwa ameweka alama ya kosa kwa wino mwekundu. "Mimi dirishani kwako sikusimama. Habari ile nililetewa."

"Na nani?"

"Siku ile mlikuwa wangapi mkila?"

Walikuwa watatu, pamoja na Tabu. Uwesu hawezi kujichongea mwenyewe. Mwalimu naye anajijua.

Huenda Iddy alidanganya. Watu wa kazi ile uongo haukuwashinda. Mwalimu alijiambia hivyo mpaka Tabu aliporudi, akatua ndoo na kujifuta jasho.

"Nimepishana na Mzee Iddy njiani. Alitaka nini, baba Sabrina?"

"Tahajia tu."

Ni swali ambalo mke yeyote angeuliza. Lakini mbona anataka kujua? Mwalimu akatamani amuulize papo hapo kama ndiye aliyepeleka habari. Akisema ndiyo, atakaa naye vipi? Na akisema siye, atamwamini vipi?

Riwaya aliiacha hapo hapo. Alifungua daftari la tano, akaandika tarehe kwa mwandiko wake safi wa ubaoni, na chini yake: *Tabu ameuliza mgeni alitaka nini.*

Mpaka anazikwa, miaka saba baadaye, alikuwa amejaza madaftari kumi na moja ya namna hiyo, na Tabu hakuulizwa hata mara moja.