Jiwe la Kumi na Mbili

Murdina alikuwa na nyonga moja aliyozaliwa nayo na moja ya chuma, na zote mbili zilikuwa zinamlalamikia. Akazipuuza. Mfukoni alikuwa na jiwe aliloliokota kijitoni. Kila mwaka, siku aliyofariki mumewe Lachlan, jiwe moja lazima lifike kwenye rundo la mawe kileleni mwa kilima cha Meall Odhar. Kumi na moja yalishafika. Hili ndilo lake la mwisho, maana saa nane mchana bintiye angempakia garini, wakaishi pamoja mjini Inverness, ghorofa ya tatu.

"Mama, liache tu hapa getini," bintiye Ishbel alimsihi asubuhi, chini ya kilima. "Baba hatajua."

"Hatajua! Baba yako huyu huyu, aliyekuwa anahesabu kondoo hata usingizini? Hebu niondokee."

Wageni hawana habari na kilima kile. Wao hukimbilia milima mirefu iliyo kwenye orodha zao za vilele vya kupanda. Murdina alipanda peke yake, fimbo mbele, matope hadi vifundoni. Katikati ya njia ukungu ukashuka, akawa haoni hata ncha ya fimbo. Akafuata njia ya kulungu mpaka mwinuko ukaisha na mkono wake ukagusa rundo la mawe. Akaweka jiwe, akaketi, akatafuna biskuti yake ya shayiri na kulia kidogo.

Ukungu ukaondoka. Lo! Ng'ambo ya bonde dogo, juu zaidi, kilele chenyewe kilikuwa kinamtazama. Alikuwa amefika kwenye kilele kidogo chenye rundo lake, kile kile ambacho wageni wachache waliopotea huko walipiga picha juu yake wakidhani ndicho chenyewe, wakarudi zao wakijisifu, na Lachlan akawacheka mpaka akakohoa. "Wamegonga mlango wa jirani," alizoea kusema.

"Haya, cheka, mzee," Murdina akasema kwa sauti. "Cheka mbavu zikuume. Nakuja."

Ilikuwa saa sita na nusu, na nyonga ilikuwa inawaka moto. Akalichukua jiwe lake. Palipoteleza alishuka kwa makalio. Kisha akapanda: hatua ishirini, pumzi, hatua ishirini, pumzi.

Alirudi getini saa kumi. Ishbel alikuwa amesimama pale, macho mekundu.

"Mama, wewe! Nilikuwa nawapigia simu waokoaji!"

"Nimefika, mwanangu. Mlango wenyewe." Akatoa mfukoni jiwe jingine, bado lina maji ya kijito. "Hili la mwakani. Mimi basi tena."

Ishbel akaligeuzageuza. "Na ukungu ukinipoteza?"

"Utakupoteza. Baba yako atakucheka. Halafu utapanda."

Ishbel akalitia jiwe kwenye mfuko wa koti, akaufunga zipu.