Nilivyounguza kitanda cha harusi nikijifunza plasma, Kihonda

Wakuu, salaam. Hili sikusimuliwa, nimelifanya kwa mikono yangu, na hadi leo linanikera.

Nina miaka 47, fundi mageti hapa Kihonda. Karakana tunachangia watu wanne. Mwaka huu tukanunua mashine ya plasma, ile inayokata chuma kwa umeme na upepo wa compressor.

Wa kunifundisha akawa Resti, binti kutoka Matombo aliyesomea ufundi chuoni. Umri wa mwanangu!

"Shikamoo mjomba. Hilo shati la nailoni vua."

Siku tatu sikugusa trigger. Navaa glovu za ngozi, navua. Nafunga earth, ule waya wa kubana kwenye chuma, nafungua. Nafagia. Hapo kwenye kufagia ndipo nilipochoka, maana maranda hayakuwa yangu. Ni ya Mzee Mkude, seremala wa upande wa pili wa ukuta wetu wa bati. Ukimwambia, anajibu, "Maranda yameshamuuma nani?"

Halafu Resti ana sheria isiyo na mjadala: ukikata, mtu mwingine asimame kuangalia cheche. Nikaona ni mambo ya darasani. Nimekata kwa gesi miaka ishirini, jamani!

Resti akaenda kwao msibani. Mteja wa geti anapiga simu kila dakika kumi. Nikavaa miwani nyeusi, nikawasha peke yangu.

Wakuu, plasma ni tamu. Nikanogewa.

Kumbe cheche zinapita chini ya bati, zinatua kwenye maranda ya Mzee Mkude. Ndani ya ile miwani huoni kitu zaidi ya mstari unaoukata. Nikasikia harufu, nikadhani glovu inaungua.

"Wee! Kitanda cha watu!" Ni Mzee Mkude.

Tulizima kwa mchanga. Paa lilipona, ila kitanda cha mninga alichoagizwa mzee na bibi harusi kilishaungua miguu miwili na ubao wa kichwani. Mzee akakaa juu ya tofali anakitazama.

Resti aliporudi akauliza, "Mjomba, nani alikuwa anaangalia cheche?"

Nikaanza habari za maranda. Akarudia swali lilelile.

"Hakuna," nikasema.

Kitanda tulikitengeneza upya mimi na Mzee Mkude, nimepiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Maranda sasa mzee anafagia mwenyewe. Nami nikiwasha mashine tu, anaacha randa, anakuja na ndoo ya mchanga, anasimama nyuma yangu. Nikimaliza anakagua kila kona, ndipo anarudi kwake.

Inaudhi kulindwa hivi, ila nastahili. Anayekata haoni, wakuu.

Nyie huko kwenu, nani anawasimamia mkikata? Semeni ukweli.