Jirani wa Ukuta Mmoja

Nilimwona mama wa duka akizungumza na mtendaji wa kata, na nilipokaribia wakanyamaza. Huenda walikuwa wamemaliza tu maneno yao, sitaki kumsingizia mtu. Lakini mtoto wangu hakuwa akienda shule, nao wote wawili walilijua hilo.

Binti yangu ana selimundu. Muhula uliopita maumivu yalimkamata darasani, wakadhani anadeka, akaletwa nyumbani kwa bodaboda hajiwezi. Siwalaumu walimu, darasa limefurika, nami sikuwahi kuwaeleza ugonjwa wenyewe sawasawa. Ila kumrudisha pale moyo ulikataa. Nikaanza kumfundisha mwenyewe, mimi niliyeishia la saba.

Baada ya kuwaona wale wawili, mwanzoni mwa mfungo, nikahamishia masomo chumba cha nyuma. Dirisha nikalifunga, nikamwambia binti tusome kwa kunong'ona. Mama wa duka tunachangia naye ukuta, na kila binti yangu alipokwenda kununua sukari alikuwa akimuuliza, "Leo tena hukwenda shule, mama?" Niliona ananichunguza.

Mfungo haujaisha, mtendaji akabisha hodi. Hakukaa. Alitaka barua ya daktari, barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na jirani wa kushuhudia kwamba mtoto anafundishwa kweli, hakufichwa ndani atumikishwe. Vikikosekana hadi Ijumaa, binti arudi darasani, nami niitwe kujieleza.

Daktari aliandika. Mwenyekiti naye aliandika, ila nilipomtajia dada yangu kuwa ndiye shahidi, alicheka.

"Dada yako yuko Msata, ana masikio marefu kiasi gani? Hapa anatakiwa jirani wa ukuta mmoja."

Upande wa pili wetu ni kiwanja kitupu. Akabaki mama wa duka.

Nilimkuta anapima mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka?"

Nikameza hiyo, nikamweleza shida yangu. Akaweka kibaba chini.

"Zamani nilikuwa nawasikia. Saba mara nane, mpaka nikawa najibu huku dukani peke yangu. Tangu mfungo uingie, kimya. Nikajua mmeacha. Sasa nikashuhudie nini, na saumu yangu hii?"

"Tunasoma, mama. Tunasoma polepole."

"Polepole ya nini? Mnasoma au mnaiba?"

Kumjibu kwa ukweli kungekuwa kumtukana. Nikamuuliza kama ndiye aliyempelekea mtendaji habari zetu.

"Aliniuliza watoto gani hawaendi shule mtaa huu. Nikamwambia akakuulize wewe mwenyewe." Akaurudia mchele wake.

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi. Linaweza kuwa la mtu mwema. Linaweza pia kuwa la mtu aliyenyoosha kidole na kusema nyumba ile pale.

Kesho yake nilifungua dirisha, tukatandika mkeka barazani. Binti alisoma kwa sauti hadi wapita njia wakageuka. Mimi nilipunguza sauti yangu, maana hesabu za sehemu hunishinda, na sasa mtaa mzima ungejua. Kutoka dukani ikaja sauti, "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita, bibi!"

Ijumaa mama wa duka alijitanda mtandio, tukaongozana hadi ofisi ya kata.

"Umewasikia kwa masikio yako?" mtendaji akauliza.

"Nimewasikia. Mama mtu hukosea sehemu, mtoto humsahihisha. Lakini wanasoma."

Uso uliniwaka, ila mhuri uligongwa. Mtendaji akanipa karatasi, akasema ruhusa ni ya muhula huu tu, kisha atataka kujua tunaendeleaje.

"Utakuja mwenyewe?" nikauliza.

Akamtazama mama wa duka. "Si jirani yupo?"

Njiani nilimshukuru jirani yangu, na nilimaanisha. Dirisha sijalifunga tena. Kila asubuhi tunasoma kwa sauti, binti akiwa ameegemea mto wake, nami natega sikio upande wa dukani. Mama wa duka anapokaa kimya muda mrefu, namwambia binti aongeze sauti.