Unga wa Vidonge Kwenye Mguu Wangu

Baba yangu alikuwa mbishi, na mimi niliurithi ubishi wake bila kurithi moyo wake. Yeye alilima viazi nje kidogo ya Njombe. Mimi nilikuwa nimehamia Makambako, napakia mbao kwenye malori, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kibanda kikawa duka. Dawa tulizozoea kupangia foleni zahanati sasa ziliuzwa kidonge kimoja kimoja, kando ya sabuni na betri. Kila mtu mjini akajiona daktari, nami nikiwemo.

Mkojo ulipoanza kumtoka Baba kwa matone, nilimpeleka hospitali. Daktari alisema tezi dume imevimba, na kabla ya lolote lazima achukue kinyama akakipime kama ni saratani. Alitupangia siku, akatupa vidonge vya rangi mbili, akatueleza taratibu: sindano itapitia njia ya haja kubwa, penye uchafu, ndipo iifikie tezi. Vidonge vianze kumezwa jioni ya kuamkia kipimo na viendelee siku tatu, wadudu wasije wakaingia kwenye damu.

"Nimeze dawa ya ugonjwa ambao sijaupata?" Baba aliniuliza tulipotoka.

"Ndivyo alivyosema, Baba."

"Basi na bandeji nijifunge kabla sijajikata."

Tulicheka, mimi zaidi yake.

Alikaa kwangu akingoja siku hiyo, akiulalamikia upepo wa Makambako. Siku mbili kabla ya kipimo nilikuwa napasua kuni, shoka likateleza likanichana mguu. Kesho yake kidonda kilikuwa kimevimba na kinatoa maji. Jioni, badala ya kumeza dawa zake, Baba alinikalisha kwenye kigoda, akavifungua vidonge vyote kimoja baada ya kingine na kuninyunyizia unga wake kwenye kidonda. Hivyo ndivyo tulivyotibiwa vidonda sote, na sikuijua nyumba isiyofanya hivyo.

"Baba, hivyo ni vya kipimo cha kesho," nilisema.

"Mgonjwa ni wewe."

Nikanyoosha mguu. Sitajitetea: nilifurahi kuhudumiwa na baba yangu, mtu mzima mimi.

Asubuhi muuguzi alitupokea, binti mdogo kuliko dada yangu wa mwisho.

"Shikamoo, mzee. Dawa ulimeza jana?"

"Marahaba. Nilimeza."

Akanigeukia. "Kweli, kaka?"

Pale ningeweza kusema. Lakini kumkana baba yako mbele ya binti, tena kwa jambo la maungo yake, kwetu ni kumvua nguo hadharani. Baba alikuwa anatazama dirishani. Mguu wangu ulikuwa ndani ya kandambili, mweupe kwa ule unga.

"Kweli," nikasema.

Binti akaandika kwenye faili.

Siku ya pili baada ya kipimo Baba alianza kutetemeka hadi kitanda kikalia. Blanketi tatu hazikumtosha. Nilimrudisha hospitali, wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano asubuhi na jioni. Alipopata nafuu kidogo aliniuliza, "Mguu umepona?" Nikamwambia unaendelea vizuri. Hakuniuliza kitu kingine tena. Alifariki siku ya tano, na niliichukia nafsi yangu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Majibu ya kipimo yalitoka baada ya matanga. Nilikwenda kuyachukua peke yangu. Hakukuwa na saratani. Ilikuwa tezi ya uzee tu, daktari alisema, ya kutibika. Kisha akalifungua faili, akasoma, akarudia kusoma. Alikuwa mtu mwema, na jambo lile lilimsumbua kweli.

"Sielewi kwa nini dawa zilishindwa," alisema. "Una hakika alizimeza?"

"Alizimeza, daktari."

Akalifunga faili. Nikamshukuru, nikainuka, nikatoka nje nikitembea vizuri kabisa, bila hata kuchechemea.